Moshi, Moyo na Mapafu: Mjadala wa Butembo na Beni

Swali lenyewe ni hili: mtu mzima aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo mjini Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, je, ahesabiwe pia kuwa karibu zaidi na saratani ya mapafu kuliko jirani yake mwenye moyo mzima? Mimi nasema ndiyo, na tuanze kumhesabu hivyo sasa, kabla mabingwa hawajamaliza kubishana kama moyo mgonjwa wenyewe ndio unaoipalilia saratani. Si kila anayelisikia neno hili hulikubali. Wapo wanaolipinga kwa elimu, wapo wanaolipinga kwa uchungu wa vita, na wapo wanaouliza tu, sufuria ikiwa motoni, kesho watapikia nini. Nimezipanga sauti zao hapa. Hazina majina ya watu kwa kuwa ni misimamo, lakini kila moja inastahili jibu.

Nianze na msingi wa dai langu. Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha utafiti wao Uingereza mwaka 1950, walikuwa wakitafuta chanzo cha saratani ya mapafu, wakaikuta sigara. Kuanzia mwaka 1951 madaktari wa Uingereza wakaandikishwa na kufuatiliwa kwa miaka 50, na hesabu ya vifo vyao ikaonyesha kwamba sigara ileile huua pia kupitia moyo na mishipa ya damu. Wala tumbaku si moshi pekee. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani, yaani wa kuni, makala, mafuta ya taa na mengineyo, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kati ya vifo hivyo asilimia 32 vilitokana na kuziba kwa mishipa ya moyo, asilimia 23 na kiharusi, na asilimia 6 na saratani ya mapafu. Tarakimu hizi zina somo ambalo watu hulipita haraka. Wale ambao moshi huwaua kwa moyo ni wengi kuliko wale unaowaua kwa saratani, na tena saratani huchukua miongo kadhaa kukomaa. Basi moyo ulioharibiwa na moshi unaweza kuwa taarifa ya mapema kwamba mapafu ya mtu huyo nayo yamekwisha kupokea sehemu yao. Njia ni moja: chembe ndogo mno za moshi hushuka hadi vifukoni mwa mapafu na kuuchochea mwili uwashe mwako wa kujitetea. Mwako huo huingia katika damu, hukwaruza kuta za mishipa, nao moyo huumia. Mlemle mapafuni, kemikali za moshi kama benzopirini hugusa vinasaba vya chembe hai, na kosa dogo lililoandikwa humo likirudiwa miaka mingi huweza kuwa uvimbe wa saratani.

Kijana anayesomea uganga anainua mkono kwanza. “Mwalimu,” anasema, “mambo mawili kufuatana si ushahidi kwamba moja limezaa lingine. Mgonjwa wa moyo kule Ulaya hupigwa picha mara kwa mara, kwa hiyo saratani yake huonekana upesi. Tena wengi wao wamevuta sigara. Ukiziondoa sigara na picha, unabaki na nini?” Pingamizi hili ni la haki, na sitalikwepa. Tafiti zenyewe zimegawanyika. Zipo zilizokuta saratani nyingi zaidi kwa watu ambao moyo wao umeshindwa kazi, na upo ule wa madaktari wanaume wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, ambao haukuona uhusiano wowote. Anayedai kwamba jambo hili limekwisha kuamuliwa anawapotosha watu. Hata hivyo kijana apime pia utafiti uitwao CANTOS, uliotolewa mwaka 2017. Watu 10,061 waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo, na ambao damu yao bado ilionyesha mwako, walichomwa sindano: wengine za kanakinumabu, dawa inayozima mjumbe mmoja wa mwako aitwaye interlukini-1 beta, wengine sindano zisizo na dawa. Lengo lilikuwa moyo, si saratani. Lakini waliopewa kipimo kikubwa walipata saratani ya mapafu kwa kiwango cha takriban theluthi moja ya wenzao wasiopewa dawa.

Tusilikuze jambo hilo kupita kiasi chake. Dawa hiyo ilipojaribiwa baadaye kwa watu ambao saratani imekwisha kuwaingia, haikufaulu, na katika CANTOS yenyewe vifo vya maambukizo viliongezeka. Sisi tunaoishi na kifua kikuu mtaani hatuwezi kuitamani dawa ya namna hiyo. Lakini matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanaelekea upande mmoja: mwako ule unaoukwaruza moyo unaonekana kuisaidia saratani ya mapafu katika hatua zake za mwanzo, na uvimbe ukishakomaa kuuzima mwako huo hakusaidii tena. Sasa namrudishia kijana swali lake. Tuseme uhusiano wote ni wa moshi na tumbaku tu, na moyo hauna kosa. Je, mgonjwa aliye mbele yako amepona hatari? Moshi uliomharibu moyo haukupita pembeni ya mapafu yake. Kwa mwanasayansi anayetafuta dawa mpya, tofauti kati ya “moyo husababisha” na “moshi husababisha vyote viwili” ni kubwa. Kwa muuguzi wa eneo la afya la Katwa mwenye fishi ya mgonjwa mkononi, njia zote mbili zinamfikisha kwenye swali lilelile la kumuuliza mgonjwa.

Hapo muganga wa wodi ya magonjwa ya ndani anaingilia, naye ndiye aliyenilazimisha kupunguza ukali wa dai langu. “Ndugu yangu,” anasema, “moyo unaouzungumzia si moyo ninaouona mimi. Wazungu wanaandika juu ya mishipa iliyoziba. Mimi ninaona shinikizo la damu, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, na mama aliyetoka kujifungua moyo wake umelegea.” Anasema kweli, na ushahidi uko upande wake. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, uliwaandikisha wagonjwa 1,006 wenye moyo ulioshindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Uganda, jirani yetu, na Kenya. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Asilimia 45 waliumizwa na shinikizo la damu, na wenye mishipa ya moyo iliyoziba hawakufika asilimia 8. Kwa hiyo takwimu za Ulaya haziwezi kubebwa zilivyo na kutuliwa Butembo. Binti wa miaka 17 ambaye vali yake iliharibika kwa sababu koo lake halikutibiwa utotoni hana sababu ya kutishwa kwa saratani ya mapafu, na anayemtisha anamkosea. Yeye anahitaji penisilini yake kila mwezi na nafasi ya kufika kwa mpasuaji.

Lakini muganga akiwatoa hao, wanaobaki ni wengi. Shinikizo la damu lenyewe halikujitenga na moshi: sigara hulipandisha, na chembe za moshi wa jikoni zimehusishwa na kupanda kwake. Kisha lipo kundi ambalo wodi zetu hulijua vizuri, la watu ambao ugonjwa haukuanzia moyoni. Mapafu yalichakaa kwanza kwa moshi au vumbi, damu ikakosa njia rahisi ya kupita humo, upande wa kulia wa moyo ukasukuma kwa taabu hadi ukachoka, miguu ikavimba. Mgonjwa huyo huandikwa “moyo” kwenye fishi, na chanzo chake hakiandikwi. Humo namtia pia mchimbaji wa dhahabu wa maeneo kama Manguredjipa, katika wilaya ya Lubero, popote jiwe gumu linapopondwa na kusagwa bila kitambaa puani. Vumbi la silika huyafanya mapafu kuwa magumu, na tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limelitaja vumbi hilo kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Vijana wetu wanatafuta mkate wa watoto wao shimoni, na hakuna anayewaambia kwamba vumbi lile jeupe litawadai baada ya miaka ishirini au thelathini. Basi dai langu, baada ya muganga kulichonga, ni hili: mgonjwa wa moyo aliye mtu mzima, mwenye historia ya tumbaku, ya jiko la moshi au ya vumbi la mawe, ahesabiwe kuwa mtu wa hatari ya saratani ya mapafu hadi achunguzwe.

Baba mmoja wa Beni amekuwa kimya muda wote. Sasa anasema, bila kupandisha sauti: “Waganga, tangu Oktoba 2014 tunazika watu waliokatwa kwa panga. Ebola ikatangazwa tarehe 1 Agosti 2018, hadi ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Malaria haijaondoka. Na ninyi mnakuja na saratani ya mapafu, ugonjwa wa wazee wa Ulaya?” Hasira yake ni ya haki, na anayemjibu kwa takwimu tupu hamheshimu. Namjibu kwanza kwamba si ugonjwa wa Ulaya. Mwaka 2022 saratani ya mapafu ilikuwa ya kwanza duniani kwa wingi, watu wapya karibu milioni 2.5 na vifo milioni 1.8. Uchache wa majina yake kwenye vitabu vya hospitali zetu unaweza kutokana na uchache wa vipimo, maana huwezi kuandika ugonjwa usio na chombo cha kuuona. Pili, vita hivyo hivyo vinaongeza moshi. Familia iliyokimbia shamba lake na kujibana na nyingine katika chumba kimoja hupika, hulala na kulea mtoto mchanga hewani mwa jiko moja. Tatu, Ebola ilituachia fundisho ambalo watu wa Butembo na Beni walilisema wazi wakati ule: magari na fedha zilikuja kwa ugonjwa mmoja, na magonjwa yaliyokuwa yakiwaua kila siku yakabaki palepale. Ndiyo maana siombi mradi wa saratani wenye magari yake na mabango yake. Naomba maswali machache yaingizwe katika kazi ambayo tayari inafanyika, ya kupima shinikizo la damu na ya kifua kikuu, bila kumnyang'anya mgonjwa wa malaria kitu.

“Baba,” anadakia mama anayeuza maharage yaliyopikwa, “moshi huo ninyi mnaujadili, sisi tunaumeza. Mnataka niiache mbabula yangu ya makala. Haya, niambieni, nitapikia nini?” Katika sauti zote, hii ndiyo ninayoiona nzito kuliko nyingine, na wanaoandika juu ya afya huipita kwa aibu. Makala ndiyo nishati ya miji yetu. Mengi ya mkoa huu hutoka katika misitu ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, na ukilaani makala bila kuweka kitu mahali pake unalaani chakula cha anayepika na mfuko wa anayechoma. Tena makala huonekana kuwa bora kuliko kuni kwa sababu moshi wake mwingi umebaki msituni kwenye tanuru. Lakini mbabula iliyowaka vizuri bado hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyang'anya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina oksijeni pungufu kuliko ya pwani, usiku ni wa baridi, madirisha hufungwa, na mbabula iliyomaliza kupika huingizwa chumbani ili iwapashe watu moto. Moyo uliochoka hulipa gharama kwanza. Zoea hilo la kulala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa ni la kuachwa leo, nalo haligharimu faranga moja.

Na kuni je? Mwaka 2006 jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuni za majumbani katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani, daraja moja chini ya moshi wa makaa ya mawe, ambao ulihukumiwa bila shaka. Sipandishi daraja hilo kwa ajili ya hoja yangu. Kwa moyo, ushahidi dhidi ya moshi wa jikoni una nguvu zaidi, na moyo peke yake ungetosha kutufanya tuuogope. Mama anastahili pia kuambiwa ukweli kuhusu yale majiko yanayoitwa bora. Nchini Malawi yalijaribiwa katika utafiti wa watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yakaonyesha kwamba nimonia ya watoto haikupungua. Nchini China, katika wilaya ya Xuanwei, wakulima waliokuwa wakichoma makaa ya mawe katika mashimo yasiyo na bomba walihamia kwenye majiko yenye bomba la kutolea moshi nje, na saratani ya mapafu ikapungua kwa kiasi cha karibu nusu. Makaa yao si kuni zetu, lakini nalichukua funzo la jinsi moshi unavyoenda: jiko linalookoa makala kidogo huku moshi ukibaki chumbani haliwezi kufanya kazi ya bomba linaloutoa nje. Kwa hiyo, mama, jiko litolewe kwenye chumba cha kulala, paa la jikoni liachiwe mwanya wa juu, kuni zikauke kabla ya kuwashwa, na maharage yalowekwe tangu usiku ili yaive kwa muda mfupi. Zaidi ya hapo mzigo si wako. Umeme wa maji upo mkoani, Mutwanga chini ya Ruwenzori tangu mwaka 2013, na baadaye Luviro kule Lubero. Kinachobaki ni bei ambayo mpishi wa maharage anaweza kuilipa, na ushuru wa gesi inayoingia kwa mpaka wa Kasindi. Hayo ni ya serikali na wafanyabiashara wakubwa wa Butembo, watu ambao wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kujenga bila kungoja Kinshasa.

Wanaume wasijifiche nyuma ya jiko la mama. Wengi hujitetea kwamba hawavuti pakiti, hununua sigara moja moja kwa muuza duka, moja asubuhi au moja jioni. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 141 wakakuta kwamba sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo anayoibeba mvuta sigara 20. Kwa saratani idadi na miaka ni jambo kubwa, kwa moyo hata kidogo ni kingi. Habari njema ni kwamba anayeacha hufaidika kwa pande zote mbili, ingawa si kwa mwendo mmoja: hatari ya ziada ya moyo hupungua kwa kama nusu ndani ya mwaka, ile ya saratani ya mapafu huhitaji kama miaka kumi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na sigara bado zinauzwa kwa punje mbele ya milango ya shule.

Sauti ya mwisho ni ya muuguzi wa kituo cha afya. “Tumekubali,” anasema. “Sasa nifanye nini? Sina skana. Nikimwambia mgonjwa kwamba yuko hatarini na sina cha kumpimia, nimemsaidia au nimemwongezea mzigo?” Nampa kwanza upande wake. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba skana ya kipimo kidogo cha mionzi kwa wavutaji wazito hupunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Mwaka huohuo jaribio jingine, lenye watu zaidi ya 150,000, likaonyesha kwamba kuwapiga watu wazima picha ya kawaida ya kifua kila mwaka hakupunguzi vifo hivyo. Kwa hiyo sisemi tuwapange wagonjwa wote wa moyo foleni ya picha. Nasema jambo dogo kuliko hilo. Mgonjwa wa moyo huagizwa picha ya kifua ili ionekane kama moyo umepanuka. Picha ileile imebeba mapafu yote mawili, na imekwisha kulipiwa kwa jasho la familia. Isomwe yote. Kivuli kilicho kando ya moyo kisiachwe kwa sababu swali lililoandikwa lilihusu moyo.

Na pako mahali ambapo magonjwa haya hujivika nguo moja. Kukohoa, kukosa pumzi usiku, maji kujaa kando ya pafu: vyote huletwa na moyo ulioshindwa, na vyote huletwa na saratani. Mgonjwa akinywa dawa za kukojoza maji na kifua upande mmoja hakifunguki, muuguzi asiongeze kipimo tu, aulize tena. Damu kwenye makohozi huweza kuwa kifua kikuu, huweza kuwa vali ya moyo iliyobana, huweza kuwa saratani, na pale ambapo makohozi yamepimwa na vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana, kumwanzishia mtu dawa za miezi sita na kumsahau ni kumpotezea muda ambao saratani haimpi. Mtu aliyekonda, sauti imekauka kwa majuma, kucha zimevimba mwishoni mwa vidole, apewe barua ya kwenda hospitali kubwa ya Butembo au Beni siku hiyohiyo, na barua iandike aliwahi kuvuta nini, alipikia nini, alichimba wapi.

Kwa hiyo naziomba ofisi za maeneo ya afya ya Butembo, Katwa na Beni ziongeze mistari mitatu kwenye fishi ya kila mtu mzima anayetibiwa moyo au shinikizo la damu: tumbaku, jiko, vumbi. Muuguzi anaweza kuijaza kwa kalamu aliyo nayo tayari. Na wewe msomaji mwenye mzazi anayemeza dawa za moyo na ambaye kikohozi chake kimepita majuma matatu, usingoje aulizwe. Mpeleke, na umwambie muganga moshi alioishi nao.